Ulikaji: kutu isiyo nyekundu

Kisiwani Mombasa kutu haihitaji kuelezwa. Iko kwenye mabati ya Mji wa Kale, kwenye bawaba za milango, kwenye mizinga ya Fort Jesus. Rangi yake ni ile nyekundu ya udongo, na hapo ndipo neno lenyewe linapompoteza kijana anayevuka Makupa kwenda kujifunza ufundi wa ndege katika uwanja wa Moi. Bodi za ndege nyingi ni za alumini, na alumini haishiki kutu. Huliwa. Utaona unga mweupe au wa kijivu kandokando ya ribiti, rangi iliyovimba malengelenge, au bati linaloachana tabaka kwa tabaka kama chapati ya kusukuma.

Istilahi inayobeba yote hayo ni ulikaji, ambao Waingereza huuita corrosion. Kutu ni aina moja tu ya ulikaji, ile ya chuma. Wapo watakaolalamika kwamba kulika ni kufaa kuliwa: wali huu unalika. Ni kweli, lakini tungesema ulaji? Hapa Kenya neno hilo lina wenyewe. Msikilizaji atafikiria tenda za serikali kabla hajafikiria bawa la ndege. Ulikaji unaelekeza jicho kwenye kitu kinachopungua, na swali la fundi ni hilohilo: metali imebaki kiasi gani?

Alumini safi hujifunika yenyewe kwa utando mwembamba unaoilinda. Tatizo ni kwamba ni laini mno, kwa hiyo huchanganywa na metali nyingine, mara nyingi shaba kidogo, ipate nguvu. Shaba hiyohiyo huidhoofisha mbele ya chumvi, na chumvi pwani huja na upepo, iwe kaskazi iwe kusi. Tena metali mbili tofauti zikigusana penye maji ya chumvi, tuseme skrubu ya chuma ndani ya alumini, huwa betri ndogo, na inayolika ni alumini.

Pabaya zaidi ni chini ya sakafu, usawa wa choo na jiko, ambako maji hujikusanya. Mafundi wa Kiingereza hupaita kwa jina walilolitoa melini. Sisi tunalo letu, ngama, na mabaharia wa majahazi ya Bandari ya Kale wamefua maji ya ngama tangu kabla ndege haijabuniwa. Sioni kwa nini neno hilo lisipande angani.

Tarehe 28 Aprili 1988, Boeing 737 ya shirika la Aloha, iliyozoea safari fupifupi kati ya visiwa vya Hawaii, ilibanduka paa ikiwa futi 24,000 juu. Mhudumu mmoja alivutwa nje akafa. Wengine wote walitua hai. Ndege hiyo ilikuwa imeruka zaidi ya mara 89,000. Gundi ya maungio ya bodi ilikuwa imeachia, unyevu ukapenya, ulikaji ukaanza. Halafu uchovu wa metali, unaotokana na bodi kujazwa hewa na kupunguzwa kila safari, ukamalizia. Ulikaji na uchovu ni istilahi mbili, zisichanganywe, ingawa hupenda kufuatana.

Kinga ya kwanza ni ya bei nafuu: kuosha ndege kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Ulikaji ukishaingia, hukwanguliwa kwa kifaa cha plastiki au msasa unaofaa. Brashi ya waya wa chuma ni mwiko kwenye alumini, maana chembe zake hubaki ndani na kuanzisha ulikaji upya. Kisha hupimwa kina cha shimo. Kitabu cha mtengenezaji wa ndege hutaja mwisho wa kukwangua. Ukipitwa, sehemu ile hukatwa na kutiwa kiraka cha ribiti, na fundi mwenye leseni ya mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA, ndiye atiaye sahihi.