Kiungo cha Piano

Twajua sote kwamba bawaba iliayo hutiwa mafuta. Lakini fundi wa piano akituona na chupa ya mafuta, atatushika mkono. Sababu yake ni hii.

Ndani ya piano, kibao kikibonyezwa huinua nyundo ndogo ipigayo waya. Nyundo huzunguka kwa pini nyembamba, na pini hupita katika matundu ya mbao yaliyotandikwa kitambaa cha sufu. Mafuta yakiingia humo, sufu na mbao huyanywa, vumbi hunata, na nyundo huwa nzito. Kwa hiyo mafundi wa zamani walipaka unga mkavu wa grafiti, ile iliyomo katika kalamu ya risasi, pale mbao na ngozi zisuguanapo.

Basi mwaka 1938 Roy Plunkett wa Marekani aligundua Teflon, kitu kitelezacho mno. Mwaka 1962 kiwanda cha Steinway cha New York kiliondoa kitambaa katika matundu yale, kikatia Teflon ngumu. Wengi walidhani taabu imekwisha. Kumbe mbao huvimba na kusinyaa kwa majira, na Teflon haikuifuata. Viungo vingine vikakaza, vingine vikalegea na kugongagonga. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kiwanda kikarudia kitambaa.

Wahenga walinena, kipya kinyemi ingawa kidonda. Wala Teflon haikutupwa: mafundi huitumia ikiwa unga. Kosa halikuwa katika kuteleza kwake, bali katika kusahau tabia ya mbao iliyoishika.