Ndege Zilizojengwa Uani

Mhariri wa jarida letu aliponiandikia kunitaka nichangie makala ya historia kwa ajili ya mkutano wa mwaka huu wa wanafunzi wa zamani, nadhani alitarajia niandike juu ya nyumba za Mji Mkongwe, kwa kuwa kazi yangu Serikalini ni ukaguzi wa majengo. Nimemwomba radhi nibadilishe. Nitaandika juu ya ndege ndogo ambazo watu wamezijenga kwa mikono yao majumbani. Sababu ni kwamba wengi wenu mmesikia habari ya wanafunzi wanne wa kidato cha tatu ambao katika likizo ya Juni ya mwaka 1996 walijenga moja katika ua wa nyumba ya Malindi. Mimi nilikuwa mmoja wao. Habari hiyo husimuliwa kwa kuchekesha kila tunapokutana. Nataka safari hii niisimulie ilivyokuwa, lakini kwanza historia, maana bila historia haitaeleweka.

Ndege ya kwanza duniani ya injini iliyomchukua mtu na kuongozwa ilijengwa na mafundi wa baiskeli. Wilbur na Orville Wright walikuwa na duka la baiskeli katika mji wa Dayton, Marekani, na humo ndimo walimochonga mbao na kushona mabawa. Mbao zilikuwa za sprusi, mti mwepesi wa nchi za baridi wa jamii ya msonobari. Kitambaa cha mabawa kilikuwa cha pamba isiyopaushwa, jamaa ya ile merikani ambayo bibi zetu waliijua vizuri. Injini ya nguvu za farasi 12 iliundwa na fundi wao, Charlie Taylor, kwa muda wa wiki sita hivi.

Mwezi wa Septemba 1903 ndugu hao walikwenda kwenye vilima vya mchanga karibu na Kitty Hawk, pwani ya Atlantiki, na huko wakaiunganisha ndege yao katika banda la mbao. Dhoruba ziliwapiga na baridi ikawakuta humo humo bandani. Mwezi wa Novemba shafti za rafadha ziliharibika, zikarudishwa Dayton kutengenezwa. Ziliporejea, walizijaribu tena na wakaona ufa katika moja yao. Watu wawili hawa walikuwa wamengoja miaka, majira yalikuwa yanawaishia, na wengine duniani walikuwa wakishindana nao. Hata hivyo Orville alifunga safari kurudi Dayton kutengeneza shafti mpya za chuma kigumu, akarudi baada ya karibu wiki mbili. Tarehe 17 Desemba 1903, vidimbwi vya maji vikiwa vimeganda, ndege iliruka kwa sekunde 12, mwendo wa mita 36 hivi. Mara ya nne siku hiyo iliruka sekunde 59, mita 260. Kisha upepo ukaipindua ikavunjika, na haikuruka tena.

Naomba wasomaji, hasa vijana mlioko skuli, mzikumbuke wiki mbili hizo. Vitabu vingi huzipita haraka ili vifike kwenye ile siku ya kuruka.

Tangu wakati huo, katika nchi za baridi, kujenga ndege nyumbani kumekuwa kazi ya majira ya theluji. Nje hakuendeki, basi mtu hujifungia katika banda la gari akachonga na kugandisha. Shida yao kubwa ni gundi, ambayo haishiki vizuri penye baridi kali, kwa hiyo hulazimika kulitia joto banda. Sisi tatizo letu ni kinyume chake. Wakati wa masika ubao hunywa unyevu ukavimba, na ukikauka hunywea na kupasuka. Gundi za zamani zilizotengenezwa kwa maziwa hazikupatana hata kidogo na hewa kama yetu. Ndiyo maana wakati wetu ulio bora kwa kazi ya mbao ni kipupwe, mwezi wa Juni hadi Agosti, mvua imekwisha na kusi inavuma.

Ndege za mbao na kitambaa zimetumika sana Afrika Mashariki. Mwaka 1929 Bibi Florence Kerr Wilson alianzisha Wilson Airways mjini Nairobi kwa ndege ndogo ya Gipsy Moth, na katika miaka ya 1930 kampuni hiyo iliunganisha Mombasa, Tanga, Unguja na Dar es Salaam. East African Airways, iliyoanza mwaka 1946 na kuvunjika mwaka 1977, ilianza na ndege sita za Dragon Rapide, nazo pia mifupa yake ni mbao na ngozi yake ni kitambaa. Babu yangu alikuwa akiziita eropleni, na akisema kwamba fundi wa majahazi angeweza kuzitengeneza. Alitia chumvi, lakini si sana.

Mtu aliyewafanya watu wa kawaida waamini kwamba wanaweza kujijengea ndege alikuwa Mfaransa, Henri Mignet. Mwaka 1934 alitoa kitabu kilichoeleza hatua kwa hatua namna ya kujenga ndege yake ndogo, Pou-du-Ciel, maana yake chawa wa angani. Mwezi wa Agosti 1935 yeye mwenyewe aliirusha kuvuka bahari baina ya Ufaransa na Uingereza. Mamia ya watu wakaanza kujenga. Kisha vikaja vifo. Marubani walikuwa wakiinamisha pua ya ndege na isiinuke tena. Mwaka 1936 ndege hizo zilijaribiwa katika vyumba vya upepo, Ufaransa na Uingereza, na ikabainika kwamba bawa la mbele na la nyuma yalikaribiana mno, hata ndege ikizamisha pua sana hairudi juu. Wajenzi wale hawakuwa wazembe. Kosa lilikuwa katika mchoro, na hakuna jicho la pili lililoutazama mapema.

Karibu na kwetu, hamu hiyo haijafa. Mwaka 2010 Gabriel Nderitu wa Kenya, mtaalamu wa kompyuta, alijulikana kwa kuunda ndege nyumbani kwake na kuitia injini ya gari la Toyota. Mwaka 2011 huko Kampala, Chris Nsamba na wenzake waliijenga African Skyhawk katika ua wa mama yake, mtaa wa Ntinda. Nilipoziona picha za ua ule, niliuona ua wetu wa Malindi.

Sasa niseme yetu. Tulikuwa na boriti nyembamba, mianzi, mashuka manne na kamba za usumba. Injini hatukuwa nayo. Shabaha ilikuwa bawa la kuvutwa kwa kamba dhidi ya upepo, kama tiara kubwa, na mtu amekaa katikati. Mzee mmoja fundi wa vyombo, jirani yetu, alitufundisha kuunga na kufunga. Alitupa sharti moja tu, kwamba aliyeunga kiungo asikikague yeye, akikague mwenzake. Tuliitika, na kwa wiki tatu tulilifuata.

Kiungo cha kati cha mhimili nilikifunga mimi. Jioni ya kuamkia siku ya kuruka nilikipitia peke yangu, nikaona ufa katika ubao, mrefu kama kidole, umetokea pale nilipotoboa tundu. Ubao mwingine haukuwapo. Kuupata kungechukua siku mbili tatu, skuli ilikuwa inakaribia kufunguliwa, na zaidi ya yote niliona haya kwa kuwa ni kazi ya mkono wangu. Nikaongeza kamba juu ya ufa ili usionekane. Asubuhi mwenzangu alipouliza kama kiungo kimekaguliwa, nilijibu ndiyo.

Maji yalikuwa yamekupwa, pwani ya Mazizini ni nyeupe na tupu. Tulivuta, bawa likainuka, na kwa muda mfupi alikuwa juu ya vichwa vyetu akipiga kelele za furaha. Kisha mhimili ukakatika katikati. Alianguka kwa ubavu juu ya mchanga mgumu, akavunjika paja na mtulinga. Alilala hospitali miezi miwili, alirudia darasa, na mpaka leo anachechemea. Mwaka ule nilisema, kama wote, kwamba ulikuwa ni upepo.

Nilimwambia ukweli mwaka huu, baada ya kukubali kuandika makala haya. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Ungeniambia siku ile ningekukasirikia siku mbili, basi." Ameyasoma haya kabla ya Mhariri kuyaona, na ameridhia yachapishwe.

Nawageukia vijana. Sipendi mjifunze kutokana na kisa hiki kwamba msijenge kitu. Tangu mwaka 2016 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walishiriki kurusha ndege ndogo zisizo na rubani kupiga picha za Unguja na Pemba kwa ajili ya ramani, na mwanafunzi mwenye kompyuta leo anaweza kujifunza juu ya bawa mambo ambayo sisi hatukuwa na pa kuyasoma. Mamlaka ya Usafiri wa Anga ipo, na kibali chake si usumbufu, ni jicho la pili. Jengeni, lakini mwenzenu akikuulizeni kama kiungo kimekaguliwa, mjibuni kweli, hata kama likizo inakwisha na upepo ni mzuri.

Nami katika kazi yangu, nikipanda ngazi za nyumba kongwe na fundi akaniambia kwamba boriti ni nzima, humwomba aifunue niitazame. Baadhi yao huudhika. Mkinikuta mkutanoni, na nyinyi mlioudhika mnisamehe. Rafiki yangu naye atakuwapo, Inshallah, na mtamjua kwa mwendo wake.