Maziwa ya Watoto Walioachwa

Nahodha Thomas Coram alipewa hati ya Mfalme wa Uingereza mwaka 1739, na mwaka 1741 nyumba ya kulelea watoto walioachwa, Foundling Hospital, ikafunguliwa London. Paa lilipatikana, chakula ndicho kilichotatiza. Kichanga aliyetengwa na titi la mamaye alipolishwa uji wa mkate uliolowekwa majini, aliukataa, au aliumeza akaharisha. Waama, walionyonyeshwa na wanawake wa ujira waliokoka zaidi kuliko waliolishwa kwa kijiko. Ndipo wasimamizi wakawapeleka vichanga mashambani kwa wanyonyeshaji, wakae huko hadi umri wa miaka mitano hivi.

Mwaka 1748 tabibu William Cadogan alimwandikia mmoja wa wasimamizi hao, akilaumu desturi ya kuwashindilia watoto chakula na kuwaviringisha nguo za kubana. Shauri jema, ingawa dharau yake kwa wanawake waliolea vizazi haipendezi.

Kisha Bunge likatoa fedha kwa sharti kwamba asikataliwe mtoto yeyote. Tangu 1756 hadi 1760 walipokewa karibu 15,000, wengine wakitoka mbali, hoi kwa safari. Wanyonyeshaji hawakutosha. Kiasi cha theluthi mbili ya watoto hao walikufa.