Nani Alilipa Chumba? Historia ya Pointi za Hoteli

Nimepotea kwa muda mrefu, mnisamehe. Kazi yangu ya programu za benki imenifanya niishi kama utingo wa basi, leo Kigali, kesho Kampala, na nikirudi Nairobi nalala tu. Lakini safari hizo zimezaa kitu. Kila usiku niliolala hotelini, mwajiri alilipa bili na mimi nikapewa pointi. Mwezi uliopita nilizitumia karibu zote kwa usiku mmoja katika hoteli ya nyota tano hapa hapa jijini: chumba kimoja, vitanda viwili, mimi na mama yangu. (Nikisema hoteli simaanishi ile ya chapati na maharagwe. Namaanisha ile ambayo mtu wa kukufungulia mlango amevaa nadhifu kuliko wewe.)

Mama alifanya kazi ya dobi katika hoteli moja kubwa ya mjini kwa miaka 14. Amepiga pasi shuka nyingi kuliko mistari yote ya programu niliyowahi kuandika, na hakuwahi kulala juu ya hata moja. Tulipofika mapokezi, yule dada alituomba vitambulisho, akatupa kadi za mlango, akasema hakuna cha kulipa. Mama alinyamaza mpaka tukawa ndani ya lifti. Kisha akaniuliza:

"Nani amelipa hiki chumba?"

"Ni pointi, mama."

"Pointi si pesa. Nimekuuliza nani amelipa."

Sikuwa na jibu. Nina shahada ya sayansi ya tarakilishi, na ninajua pointi ni kitu gani ndani ya mashine: ni nambari katika safu moja ya jedwali, mgeni akilipa unaongeza, akitumia unapunguza. Lakini nambari haifui shuka. Basi nikaanza kusoma, na nilichokipata ni hiki.

Wazo lenyewe lina umri mkubwa kuliko tarakilishi. Mwaka 1896 kule Marekani, kampuni ya Sperry & Hutchinson ilianza kuwauzia wenye maduka stempu za kijani. Mteja akinunua sukari anapewa stempu kadhaa, anazibandika kwenye kijitabu, na vijitabu vikijaa anaenda kuchukua taa au vyombo vya jikoni. Tazama vizuri pesa inavyotembea hapo. Mwenye duka alinunua stempu kwa pesa taslimu, na gharama hiyo ikajificha ndani ya bei ya sukari. Kampuni ya stempu ilipokea pesa leo ilhali taa itatolewa mwakani, na vijitabu vingine vilipotelea kwenye droo, havikudaiwa kamwe. Kila mpango wa pointi uliokuja baadaye unasimama juu ya mambo hayo mawili: pesa hutangulia, na watu husahau.

Stempu hazikuweza kufanya jambo moja tu. Hazikujua wewe ni nani.

Hapo ndipo ndege zinaingia. Mwaka 1953 C. R. Smith, rais wa American Airlines, alikaa kwenye ndege jirani na R. Blair Smith, mwuzaji wa IBM. Kutokana na mazungumzo yale ikazaliwa Sabre, mfumo wa kuhifadhi viti vya ndege, ulioanza kufanya kazi mwaka 1960 kwa tarakilishi mbili za IBM 7090. Kufikia 1964 ulikuwa unashughulikia viti vyote vya kampuni hiyo. Shabaha yake ilikuwa kuhesabu viti tu. Lakini ukihifadhi kiti cha mtu, unahifadhi pia jina lake na nambari yake ya simu.

Mwaka 1978 serikali ya Marekani iliacha kuzipangia kampuni za ndege bei na njia, vita vya bei vikaanza, na kila mmoja akawa anatafuta namna ya kumshika abiria asihame. Tarehe 1 Mei 1981 American ikatangaza AAdvantage: kadiri unavyosafiri maili nyingi, ndivyo unavyokaribia tiketi ya bure. Walijuaje wa kuanza nao? Walipekua kumbukumbu za Sabre kutafuta nambari za simu zilizojirudia. Niliposoma hapo nilicheka peke yangu. Wale mnaoandika programu mnajua kwamba hiyo ni kazi ya mistari mitatu: panga kwa simu, hesabu, chukua wa juu. United ikaiga siku chache baadaye.

Hoteli nazo zilikuwa na mashine zao. Holiday Inn, iliyoanzishwa na Kemmons Wilson mjini Memphis mwaka 1952, ilikuwa na mfumo wa Holidex tangu 1965, uliounganisha mapokezi ya hoteli zake ili mgeni aliye mji mmoja aweze kupata chumba mji mwingine. Mwaka 1983 Holiday Inn na Marriott zote zikaanzisha mipango ya wageni waaminifu. Hilton na Hyatt zikafuata mwaka 1987. Mwaka 1999 Starwood, wenye Sheraton na Westin, wakaja na ahadi iliyowatikisa wengine: tumia pointi siku yoyote ambayo chumba cha kawaida kipo, hakuna siku za kufungiwa.

Sasa turudi kwenye swali la mama, maana kwa hoteli lina ugumu wake. Ndege tupu ni hasara ya kampuni ya ndege yenyewe. Lakini jengo la hoteli, mara nyingi, si la yule ambaye jina lake limewashwa taa pale juu. Marriott walijigawa wazi mwaka 1993: kampuni moja ikabaki na majengo, nyingine ikabaki na jina na uendeshaji. Mmiliki wa jengo Nairobi na mmiliki wa jengo Kigali wanaweza kuwa watu wasiojuana kabisa. Kwa nini basi huyu wa Nairobi anilaze bure kwa sababu nilimpa pesa yule wa Kigali?

Jibu ni mfuko. Mimi nikilala Kigali, mwenye hoteli anakata sehemu ya bili yangu na kuipeleka kwenye mfuko wa mpango. Nikitumia pointi Nairobi, mfuko unamlipa mwenye hoteli ya Nairobi. Na malipo haya yana hesabu yake. Hoteli ikiwa na vyumba vingi vitupu, hulipwa kidogo, zaidi kidogo tu ya gharama ya kusafisha na kufua, kwa kuwa chumba kingelala kitupu hata hivyo. Ikiwa imekaribia kujaa, hulipwa karibu na bei halisi, kwa kuwa mimi nimemzuia mteja wa pesa. Ndiyo maana pointi huonekana nyingi msimu wa watu wachache na huadimika msimu wa sikukuu.

Kwa hiyo aliyelipa ni mwajiri wangu, ambaye alilipwa na benki, ambayo inalipwa na wateja wake kwa makato ya kila mwezi. Na zawadi nikala mimi. Hili ndilo jambo ambalo wale wa 1981 walilielewa vizuri mno: mpe zawadi anayechagua, si anayelipa. Niungame hapa. Kule Kigali kulikuwa na nyumba ya wageni safi, karibu na ofisi, kwa nusu ya bei. Sikulala pale hata siku moja, na hakuna aliyeniuliza.

Kuna upande wa pili, wa deni. Kwenye vitabu vya kampuni hizi, pointi ambazo hazijatumika huandikwa kama deni kwa wateja, na kwa kampuni kubwa ni mabilioni ya dola. Lakini ni deni la ajabu, kwa maana mdaiwa ndiye anayepanga thamani yake. Zamani kulikuwa na jedwali lililotangazwa: hoteli ya daraja hili, pointi kadhaa. Hilton waliliondoa mwaka 2017, Marriott mwaka 2022, na sasa bei hupanda na kushuka inavyoamua programu. Mimi mwenyewe nilikuwa nikiwekeza kwa ajili ya siku tatu Unguja (kampuni sitaitaja). Hoteli ile ilikuwa pointi 35,000 kwa usiku. Asubuhi moja nikafungua akaunti, nikakuta 50,000. Hakuna barua pepe, hakuna samahani. Mtu angefanya hivyo na shilingi zangu ningeenda polisi.

Mama naye ana kidonda chake. Kwa miaka alikuwa na kadi ya pointi ya supamaketi, akizikusanya apate jiko la gesi. Supamaketi ikafilisika, na pointi zikafa nayo. Ndiyo maana hazihesabu kama pesa. Wakenya wengi wanazijua zaidi Bonga za Safaricom, na mwaka 2020, wakati wa korona, walizitumia kununulia vyakula madukani kwa senti 30 kila pointi. Ilikuwa msaada wa kweli. Lakini aliyesema senti 30 ni nani? Si wewe uliyezikusanya.

Kitu kingine, hiki cha watu wa fani yangu. Ili pointi ziwepo ni lazima mtu mmoja atunze daftari la kila mgeni: jina, simu, safari, pasipoti. Mwaka 2016 Marriott waliinunua Starwood kwa takriban dola bilioni 13, na hifadhidata yake ikiwemo. Hawakujua kwamba tangu 2014 kulikuwa na mwizi ndani yake. Waligundua Septemba 2018, wakatangaza Novemba. Rekodi za mamia ya mamilioni ya wageni ziliguswa, zikiwemo nambari za pasipoti zipatazo milioni 5.25 ambazo hazikuwa zimefichwa kwa usimbaji wowote. Mdhibiti wa data wa Uingereza aliwatoza pauni milioni 18.4 mwaka 2020. Walinunua kampuni na nyoka ndani ya gunia. Yule dada wa mapokezi alipochukua kitambulisho cha mama na kukipiga picha, mama aliuliza picha inaenda wapi. Akaambiwa ni utaratibu.

Hoteli zenyewe hufa, lakini daftari hubaki. Ule mnara wa mviringo wa Hilton katikati ya Nairobi ulifunguliwa mwaka 1969, ukafunga milango mwisho wa 2022. Aliyepata pointi zake pale hakuzipoteza milango ilipofungwa, aliweza kuzitumia Dubai au Chicago. Waliokuwa wakifua na kupika mle hawakuwa na akaunti ya namna hiyo.

Jumapili nilimpelekea mama jibu lake. Nilimweleza yote, mfuko, Kigali, benki, makato. Alisikiliza huku akichambua maharagwe.

"Kwa hivyo ni watu wa Kigali," akasema.

"Ni kama hivyo."

"Na ile asubuhi tulilipa chai."

"Chai haikuwemo, mama."

"Zimebaki ngapi?"

Nikafungua simu. Elfu moja mia nne.

"Zinatosha chai?"

Hazitoshi.