Namba za Keya

Familia nyingi zimebaki na namba tu. Babu alikuwa Keya, alienda Burma, na kwenye karatasi iliyochakaa pameandikwa 11, au 36, au 44. Mimi huzipenda hizo namba. Ukijua kuzisoma, zinaongea.

Kabla ya vita, vikosi vya King's African Rifles vilikuwa vichache na namba zake fupi: cha 3 na cha 5 Kenya, cha 4 Uganda, cha 6 Tanganyika, cha 1 na cha 2 Nyasaland. Vita vilipopamba moto vikaundwa vipya, na namba nyingi zikapatikana kwa kuongeza tarakimu mbele. 34 na 44 ni Waganda na majirani zao. 26, 36 na 46 ni Tanganyika. 22 ni Nyasaland. Halafu unafika kwa 11, unasema hawa nao Nyasaland, kumbe ni Wakenya! Jeshi ni jeshi.

Vikosi vitatu viliunda brigedi, na hapo ndipo mambo yananoga. Brigedi ya 25 ilikuwa na 11 ya Kenya, 26 ya Tanganyika na 34 ya Uganda. Ya 26 ilikuwa na 22, 36 na 44. Kikosi kilikuwa cha nchi moja, brigedi ikachanganya nchi. Wanyasaland walikuwa na Chinyanja chao, lakini Mkamba na Mwacholi wakikutana kwenye tope la bonde la Kabaw mwaka 1944, waliongea nini? Kiswahili cha Keya, kile ambacho ngeli zake zimevunjika miguu na mwalimu wa leo angekichora kalamu nyekundu. Kilitosha kuomba risasi.

Na juu yao nani? Mwaka 1937 walowezi wa Kenya walikuwa wameundiwa kikosi chao cha akiba, Kenya Regiment. Vita vilipokuja, vijana wake wengi walisambazwa kwenye vikosi vya Keya wakiwa maofisa na masajini. Mwafrika, hata awe na miaka kumi na tano jeshini, aliishia kwenye cheo cha warrant officer. Akiba ya mlowezi ilikuwa ya kuongoza. Hilo haliandikwi kwenye namba yoyote.

Kwa hiyo ukiwa na 36, fuata brigedi ya 26 ndani ya divisheni ya 11. Kama hakurudi na hana kaburi, anza na mnara wa Rangoon, ulio kwenye makaburi ya Taukkyan. Lakini karatasi ikisema 301, mizinga, usihangaike na Burma. Hao walipanda meli Khedive Ismail hapo Kilindini wakielekea Ceylon, ikapigwa torpido na Wajapani tarehe 12 Februari 1944, ikazama kwa dakika chache. Majina yao yako Nairobi, kwenye makaburi ya vita, Ngong Road.