Samaki wa madoa ya bluu, mgeni katika mawe ya Ziwa Kivu

Kuanzia Sake kushuka hadi Bweremana, wilaya ya Masisi inagusa Ziwa Kivu. Kwenye mawe ya ziwa hilo anaishi samaki mdogo, mwembamba, dume lake likiwa na madoa ya bluu yanayong'aa ubavuni. Wataalamu humwita Lamprichthys tanganicanus. Wazee waliokulia kando ya maji hawakumwona utotoni mwao, na hawajasahau: hakuwemo. Alionekana kwa mara ya kwanza mwaka 2006.

Kwao ni Ziwa Tanganyika. Huko wapo samaki wa aina zaidi ya 200, lakini Kivu haifikishi hata 30. Sababu ni volkano. Zamani maji ya Kivu yalielekea kaskazini, upande wa Ziwa Edward. Milima ya Virunga ikaziba njia, ziwa likajaa, na miaka kama 10,000 iliyopita likatoboa kusini kupitia mto Ruzizi. Kwa hiyo maziwa haya mawili yanaungana, ila Ruzizi inateremka kwa nguvu, ina maporomoko na leo ina mabwawa ya umeme. Samaki mdogo kama huyu kuipanda yote ni vigumu kuamini. Inaelekea aliletwa na mkono wa mtu.

Haingekuwa mara ya kwanza. Mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati wa Wabelgiji, maelfu ya vifaranga vya ndagala vilitolewa Tanganyika vikamwagwa Kivu. Zilikuwa aina mbili; moja ilikufa, nyingine ikashika. Hiyo ndiyo sambaza, ambayo leo watu wengi wanadhani ni ya hapa tangu Mungu aumbe ziwa. Mwaka 1986 mtaalamu Mbelgiji, Henri Dumont, aliandika kwa hofu kwamba sambaza ingemaliza vijidudu vya majini inavyokula, kisha nayo ianguke. Haikuanguka. Usiku wavuvi bado wanafunga mitumbwi mitatu pamoja kwa miti mirefu, wanawasha taa, na sambaza inapanda kufuata mwanga. Mwezi ukiwa mpevu, mavuno hupungua.

Mgeni wa 2006 hutegemea ukingo wa ziwa kuliko sambaza kubwa. Yeye ni wa pwani yenye mawe, kwa kuwa jike hutaga mayai ndani ya nyufa. Na kaskazini ya Kivu mawe hayajakosekana kamwe: lava imeyaleta. Shida ni kwamba sambaza changa nazo hukulia karibu na pwani. Watafiti wa ISP Bukavu wamechunguza tumbo la mgeni huyo wakakuta anakula vijidudu vilevile. Anayevua kwa chandarua ukingoni hukusanya wote wawili, wakubwa na watoto, na hapo kosa si la samaki.

Tena nafasi ni finyu kuliko ziwa linavyoonekana. Kivu ina kina cha mita 485 hivi, lakini hewa ya kupumua samaki inaishia kwenye mita 60 au 70 za juu. Chini yake maji yamejaa gesi, methani na kaboni dioksidi. Katika ghuba ya Kabuno, karibu na Sake, hewa hiyo inaisha mapema zaidi, kwenye mita kama 10 tu. Lava ya Nyamulagira ya miaka 1938 hadi 1940 ilifika majini upande huo na kuibana ghuba zaidi.

Walikale haijui hadithi hii kwa macho. Maji yake, Oso na Lowa, huenda Lualaba, na samaki wa madoa hana njia ya kufika huko. Sambaza iliyokauka ndiyo hupanda na wafanyabiashara, barabara ikiruhusu.

Mara nyingi haikuruhusu. Februari 2024 vita vilikata barabara ya Sake kwenda Minova pale Shasha, na ziwa likawa barabara. Tarehe 3 Oktoba mwaka huo boti Merdi iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, ikiwa imejaa kupita kiasi. Miongoni mwa wahami wa Sake na Bweremana wapo walioacha nyavu na mitumbwi nyumbani. Kwenye mawe waliyoyaacha, samaki wa madoa ya bluu anaendelea kutaga.