Neno la Wiki: Kalibu

Fundi wa matofali wa Pajulu, katika jiji la Arua nchini Uganda, anaijua kalibu: fremu ya mbao inayoupa udongo umbo lilelile kila mara. Wahandisi wa programu waliazime neno hili kwa kile Waingereza wanachokiita “template”. Seva ya Gerrit, ambako msimbo hukaguliwa kabla ya kupokelewa, yaweza kusimamishwa kwenye mitambo ya Amazon kwa faili moja linalotaja kompyuta, diski na mtandao: faili hilo ndilo kalibu. Wikipedia ya Kiswahili husema “kigezo”, lakini kigezo pia ni kipimo cha kuamulia. Kalibu huzaa kitu. Ila tofali lililochomwa halibadiliki. Ukirekebisha faili na kuliendesha upya, seva nayo hurekebishwa.